Tusimzike Askari Mstaafu Nusunusu

Katika mazishi mengi ya upande wa mashariki ya Uganda, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa ukoo husimama chini ya turubai akasoma historia ya marehemu. Hutajwa alikozaliwa, ukoo wa baba na wa mama, shule, ndoa, watoto na wajukuu, na nafasi alizoshika kanisani au msikitini. Lakini marehemu akiwa askari wa zamani, usomaji hufika mahali ukaruka. Alijiunga na jeshi, akatumikia nchi, akastaafu. Basi. Sentensi moja, na miaka ishirini ya maisha ya mtu imekwisha. Msomaji humeza mate akaingia kwenye habari za shamba na ng'ombe, na waombolezaji hawaulizi. Pengo hilo nimelisikia Jinja na nimelisikia Mbale. Naandika leo kusema kwamba halimfai marehemu, na sisi tuliobaki halitufai zaidi.

Sababu ya ukimya huo inaeleweka. Chukua kijana aliyeandikishwa Jinja mwaka 1960. Aliapa kumtumikia Malkia wa Uingereza, katika Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wanaliita Keya. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, batalioni hiyohiyo, katika kambi hiyohiyo, ikawa Uganda Rifles, na baadaye Jeshi la Uganda. Akamtumikia Obote, waziri mkuu kisha rais. Kuanzia tarehe 25 Januari 1971, siku Obote alipopinduliwa, akajikuta chini ya Idi Amin, ambaye naye aliingia Keya mwaka 1946. Kama alibaki hai na alibaki kazini, mwaka 1979 aliona jeshi lake likisambaratika mbele ya Watanzania na Waganda waliorudi nao kutoka uhamishoni. Jinja na bwawa lake vilitwaliwa tarehe 22 Aprili. Likaja jeshi la UNLA, la hao waliorudi. Tarehe 26 Januari 1986 nalo likaondolewa Kampala na jeshi la waasi la NRA, ambalo tangu katiba ya 1995 ndilo jeshi la taifa tunaloliita UPDF.

Kila jeshi lililoingia lililiita lililotangulia jeshi la wauaji, na mara nyingi halikukosea. Sasa mtoto wa askari huyo asimame mbele ya majirani aseme nini? Akitaja mwaka, ametaja utawala. Akitaja utawala, kuna mtu kwenye viti vya plastiki mbele yake ambaye ndugu yake alipotea katika utawala huo. Kwa hiyo anaruka. Na kwa kuruka, anamzika baba yake nusu.

Rai yangu ni hii: maisha ya askari mstaafu yahesabiwe yote, ya kambini na ya nyumbani, mazuri na machungu, na yahesabiwe angali hai wa kuyasimulia mwenyewe. Tena katika hesabu hiyo miaka ya baada ya kuvua gwanda isichukuliwe kuwa mkia. Mara nyingi ndiyo iliyozaa mambo yaliyodumu.

Mfano mkubwa tunao, na kaburi lake liko Gangama, nje kidogo ya mji wa Mbale. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, akajipatia jina Buganda kwa bunduki na ujasiri katika vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19. Tarehe 9 Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Kisha akaingia Bukedi, upande wa mashariki, na jeshi lake la Waganda wa Buganda, akajenga ngome Budaka na kwingineko, akafungua barabara na kupanda miti kandokando yake, akaweka mawakala wa Kiganda juu ya watu ambao hawakumwalika. Alitumaini Waingereza wangemfanya mfalme wa nchi hiyo. Hawakumfanya. Walimwondoa Budaka, wakampa ardhi ya maili za mraba 20 huko Mbale, na mji ukakua pale alipohamishia makazi yake. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilimpeleka Jinja awe rais wa baraza la machifu wa Busoga. Mwaka 1913 kazi hiyo ikaisha, akarudi Mbale, ahadi alizozitumainia hazikutimia.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Wasifu mwingi wa kijeshi ungeweka nukta hapo, tena ungeonekana umekamilika. Lakini Kakungulu nyumbani alikaa na Biblia. Alijiunga na kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, halafu akawaacha na hao pia. Alisoma Agano la Kale akaamini kwamba maagizo yake bado yanamhusu. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza kwamba yeye na jamaa yake ni watu wa Torati. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha mafundisho na sala kwa Kiganda. Alifariki Novemba 1928.

Leo hakuna ufalme wa Kakungulu. Mipaka aliyoichora kwa bunduki ilichorwa upya na wengine. Lakini jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya iliyoanzia katika nyumba yake ingalipo kwenye vilima vya pembezoni mwa Mbale. Ilivuka miaka ya Amin, alipopiga marufuku ibada yao, na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Yale ambayo jemadari alipigania miaka mingi yalimponyoka. Yale ambayo baba wa familia aliyafanya uzeeni, na wanawe, yamepita miaka mia. Wakati huohuo Wagisu na Wateso wana haki ya kukumbuka kwamba mtu huyu alikuja kwao kama mtekaji. Kumkumbuka mzima ni kuyashika yote mawili, na Mbale imeishi na yote mawili bila kubomoka.

Sasa tuwatazame waliomfuata, ambao hawana jina katika vitabu. Katika Vita Kuu ya Pili, Batalioni ya 4 ya Keya ilipelekwa Ceylon, kisha Burma, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nusu ya pili ya mwaka 1944, katikati ya masika ya huko, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, tope hadi magotini na malaria ikiangusha watu pamoja na risasi, hadi ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Wengine hawakufika hata kwenye mapigano. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives. Watu 1,297 walikufa, mamia yao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Vita vilipokwisha, Mwafrika alilipwa kwa rangi yake. Nyaraka za mwaka 1945 zilizofukuliwa na wanahabari mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuagwa ya askari mzungu wa cheo cha chini yalikuwa karibu mara tatu ya yale ya mwenzake mweusi. Na wengi wa waliokufa hawakupata hata jiwe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza au kwa sababu yake, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa.

Jinja kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na tume hiyo. Jiwe la namna hiyo huandikwa namba ya jeshi, cheo, jina, kikosi na tarehe ya kufa. Mambo matano. Nayataja kwa sababu askari aliyerudi salama, akalima, akazaa, akasomesha, akafa miaka hamsini baadaye kitandani kwake, familia yake mara nyingi haiwezi kutaja matatu kati ya hayo. Aliyekufa ugenini, tume ya kigeni inamjua kuliko watoto wa aliyerudi wanavyomjua baba yao.

Na aliporudi alifanya nini? Hapa ndipo pana utajiri ambao historia zetu za mazishi huupita mbio. Jinja ya miaka ya 1950 ilikuwa mji unaopanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vya nguo na cha kuyeyushia shaba vikafuata, kiwanda cha Kakira kilisaga miwa, na nyumba za mtaa wa Walukuba zilijaa wafanyakazi wa makabila yote. Mtu aliyezoea zamu, aliyejua kupanga watu, na aliyesema Kiswahili kinachoeleweka na Mluo, Mteso, Msoga na Mhindi alikuwa na nafasi yake langoni, ghalani na kwenye mashine. Kiswahili ambacho Waganda wengi walikiogopa kama lugha ya bunduki kilikuwa, katika mitaa hiyo, lugha ya kukopeshana chumvi na kuchumbia. Kimekuwa lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kabla ya amri hizo zote, askari wastaafu na wake zao walikuwa wamewafundisha watoto wao bila mtaala.

Upande wa Bugisu, mstaafu alipanda mlima. Chama cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na kahawa ya arabika ya miteremko ya Elgon ndiyo iliyolipa karo. Kahawa hiyo haimpi mtu usingizi: kuchuma tunda jekundu moja moja, kukoboa siku hiyohiyo, kuosha, kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikinyesha. Fedha yake huja kwa msimu, na karo huja kwa muhula. Katikati kuna imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambapo baba wa mtahiriwa lazima awepo, mtama wa pombe uwepo, na wageni wale. Askari aliyekuwa mbali kambini mwaka wa imbalu ya mwanawe alikuwa na deni ambalo cheo hakikuweza kulilipa. Aliyestaafu akasimama nyuma ya mwanawe siku hiyo alikuwa amefanya jambo ambalo kila aliyehudhuria alilikumbuka.

Wala tusimsahau mke. Yeye ndiye aliyehama kambi hadi kambi na watoto mgongoni, au aliyebaki na shamba akisubiri fedha ambayo mwezi mwingine haikufika. Jeshi lilipovunjwa mwaka 1979, na tena mwaka 1986, ni wake waliozika sare chini ya migomba, wakachoma picha, wakawafundisha watoto kujibu kwamba baba ni mkulima. Mwaka 1992 hadi 1995, NRA ilipopunguza jeshi na kuwaachia zaidi ya askari 36,000 kwa awamu, ni wao waliompokea mume aliyekuja na mabati, mbegu na fedha kidogo, akiwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Historia ya marehemu isiyosimulia kazi hiyo haijakamilika, hata ikijaa medali.

Tuyaseme na mengine ambayo familia zinayajua. Kuna nyumba ambamo watoto walijifunza mapema kutomwamsha baba kwa kumgusa. Walisimama mlangoni wakaita. Kuna baba aliyekunywa mshahara wake wa ulinzi wote, na kuna aliyepiga. Vita havikubaki vilikopiganwa. Mtu anayemheshimu mzee wake halazimiki kumfanya malaika. Anatakiwa ajue alipita wapi.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Mwaka 1971 askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa na wenzao ndani ya kambi, ya Jinja ikiwa mojawapo. Tarehe 10 Februari 1973 Mbale ilikuwa miongoni mwa miji ambako watu walipigwa risasi hadharani, wakazi wakikusanywa kutazama. Mjane wa mmoja wa waliouawa atasikiaje anaposomewa sifa za mtu aliyevaa sare ileile?

Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito wake wote, na jibu langu ni kwamba ukimya haumsaidii mjane huyo hata kidogo. Ukimya unamfaa aliyeua peke yake. Tunaposema kwa jumla kwamba fulani alikuwa jeshini, tukanyamaza, tunamficha muuaji ndani ya kundi, na papo hapo tunampaka damu mpishi, fundi wa redio, dereva wa lori na mpiga tarumbeta wa bendi, ambao hawakumgusa mtu. Mtu akisimuliwa kwa miaka, vikosi na vituo vyake, asiye na hatia anatoka kivulini na mwenye hatia anabaki bila pa kujificha. Kumkumbuka mtu si kumtakasa.

Dola yenyewe imeanza kuona hivyo. Jenerali Tito Okello alijiunga na Keya mwaka 1940, akashiriki kumwondoa Amin, akaongoza nchi kwa miezi michache baada ya mapinduzi ya Julai 1985, akaondolewa na watawala wa leo, akaenda uhamishoni, akarudi 1993 na kufariki 1996. Mwaka 2010 serikali ileile iliyomwondoa ilimtunuku medali ya Kagera akiwa kaburini. Haikuhitaji kufuta mwaka 1985 ili kuutambua mwaka 1979. Kwa upande wetu wa mashariki yupo Brigedia Shaban Opolot, mtu wa Teso, aliyekuwa mkuu wa jeshi baada ya maasi ya Jinja ya tarehe 23 Januari 1964, kisha akawekwa kizuizini kutoka Oktoba 1966 hadi 1971. Vijana wangapi wa Soroti au Mbale wanajua hata jina lake? Ikiwa wakubwa wanafutika hivi, koplo wa Bubulo atabaki vipi?

Kuna na jambo la chakula. Pensheni, kiinua mgongo na malipo ya warithi hayatoki kwa machozi. Wizara inayoshughulikia ulinzi na maveterani inataka namba ya jeshi, tarehe ya kuandikishwa, kikosi, hati ya kuachishwa, na kwa warithi hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Familia iliyorithi ukimya haina hata kimoja, na huko ndiko matapeli wanakopata shamba la kuvuna: wanauza fomu, wanaahidi kufuatilia faili Kampala, wanatoweka na fedha ya mbuzi aliyeuzwa. Na karatasi chache zilizohifadhiwa hukaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu zaidi ya ishirini wakafa, na nyumba nyingi zikajaa maji hadi kitandani. Sanduku la bati halizuii mto.

Kwa hiyo tufanye nini? Familia ianze yenyewe, bila kusubiri semina. Mzee aulizwe mambo machache yanayoshikika: namba yake, siku na mahali alipoandikishwa, vikosi na makamanda, vituo alivyokaa, kazi aliyoifanya kila kituo, na namna alivyotoka. Kisha aulizwe alivyoanza maisha nyumbani, fedha ya kwanza aliifanyia nini, shamba alilipataje, nani alimsaidia. Arekodiwe kwa simu, katika lugha anayoiota. Mkewe aulizwe peke yake, maana ana historia yake. Hati zipigwe picha, nakala ziwekwe kwa watu watatu wanaoishi mahali tofauti. Yapo mambo atakayokataa kuyasema. Asisukumwe, lakini aambiwe wazi kwamba mlango uko wazi, na kwamba anayemuuliza anataka kujua, hajaja kumshitaki.

Taasisi nazo zina sehemu yao. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988; wanafunzi wake wa historia wana wazee ndani ya safari ya bodaboda. Kule Kimaka, Jinja, maofisa wa UPDF husomea uongozi wa juu wa jeshi, karibu kabisa na kambi ambamo historia ya jeshi letu la uhuru ilianzia. Nani anafaa zaidi kukusanya ushuhuda wa koplo na sajini waliowatangulia? Makanisa na misikiti yana madaftari ya ndoa na mazishi. Na Wizara ifanye jambo moja ambalo lingepunguza mateso mengi: iruhusu familia yenye jina na kijiji kuulizia rekodi ya askari wao bila kupitia dalali, iwe aliandikishwa na Malkia, na Obote, na Amin au na UNLA.

Walioandikishwa kabla ya uhuru na bado wapo sasa wamepita miaka themanini. Desemba, watu watokapo Kampala na Nairobi kurudi Bugembe, Iganga, Bududa na Sironko, mzee atakuwa amekaa uani na wajukuu watakuwa wamejaa, simu zao mkononi. Siku hiyo mtoto mmoja aweke kiti karibu naye, awashe simu, aanze na swali rahisi la namba yake ya jeshi. Askari wa zamani husahau mengi, lakini namba hiyo wengi wao huitaja bila kufikiri. Yanayofuata baada yake ndiyo maisha ya mtu, na familia ina haki nayo yote.